Jina Linapohitajika

Katika shule nyingi za Tanzania, wiki ya kwanza ya Januari watoto hufahamishwa kwa amri. Mwalimu anaingia, darasa linasimama, salamu inaitikiwa kwa sauti moja, kisha linatoka agizo ambalo kila aliyesoma huku analijua: kila mmoja asimame, ataje jina lake, shule aliyotoka na kitu anachokipenda. Anaanza aliyekaa karibu na mlango. Anasimama, anaivuta sketi mpya iliyoshonwa kubwa ili idumu, anataja jina kwa sauti ndogo. "Ongeza sauti!" Analirudia, anakaa. Anafuata wa pili, wa tatu. Zamu ikifika kwa wa kumi na tano, hakuna anayesikiliza tena. Aliyekwisha kusema anashusha pumzi kwamba yamemwisha, na ambaye hajafikiwa anakariri midomoni atakachokisema. Katika darasa la watoto 80, majina 80 yametajwa na pengine hata matano hayakushikwa.

Simlaumu mwalimu. Naye alifundishwa hivyo, tena ana daftari la mahudhurio linalomsubiri, madawati hayatoshi, na mzazi yuko mlangoni na fomu mkononi. Lakini naamini tunapoteza kitu kikubwa katika saa ile, na tunakipoteza bila sababu. Mtoto ambaye wenzake hawalijui jina lake haombwi kalamu wala haazimwi. Kundi la kazi likiundwa, anaachwa hadi mwisho. Akiumwa siku tatu, hakuna wa kumwambia mwalimu kwamba fulani hayupo, kwa kuwa huyo fulani bado hajawa mtu kwa yeyote. Watu wazima huwa tunadhani watoto watazoeana wenyewe. Wengi huzoeana kweli. Anayebaki nje ndiye hatumwoni, maana kubaki nje hakupigi kelele.

Ninavyoona mimi, jina halikai kichwani kwa sababu limesikika. Linakaa kwa sababu limehitajika. Na watoto wenyewe, mtaani, walilijua hilo zamani kabla ya sisi walimu na wazazi.

Chukua kombolela. Mtaani kwetu ilichezwa jioni, kati ya saa kumi na moja na giza, kwa kopo la maziwa ya unga au chupa ya plastiki yenye mchanga kidogo. Mmoja analipiga kopo teke likaruka mbali. Anayelinda analikimbilia, analirudisha mahali pake, na wakati huo wote wengine wameshajificha: nyuma ya choo, juu ya mwembe, chini ya mkokoteni wa muuza maji. Anaanza kutafuta huku jicho moja liko kwenye kopo. Akimwona mtu, haitoshi kumwona. Lazima akimbie arudi kwenye kopo, aliguse, na ataje jina. Jina lenyewe hasa, siyo "wewe mwenye bukta ya bluu". Akikosea, aliyetajwa kimakosa anajitokeza akicheka, na aliyeonekana anabaki huru. Na akichelewa, mwingine anachomoka alikojificha, analipiga kopo teke, na wote waliokwisha kukamatwa wamekombolewa.

Ndiyo maana tulibadilishana mashati. Mtoto mfupi alivaa fulana ya mrefu, mrefu akajikunja nyuma ya ukuta akiacha bega tu lionekane, na mlinzi wa kopo akaliona bega, akalitambua shati, akapiga mbio akataja jina la mwenye shati. Kelele zilizofuata zilisikika hadi barabarani. Lakini tazama mchezo ulikuwa unatufundisha nini. Mtoto aliyehamia mtaani wiki ile, ambaye baba yake amepewa kazi bandarini na hajui njia ya kwenda dukani, hakuweza kulinda kopo kama hajui majina. Kwa hiyo aliyauliza. Aliyauliza haraka, bila haya, kwa kuwa alikuwa na kazi nayo. Baada ya jioni mbili hakujua majina tu. Alijua nani anakohoa akijificha, nani hawezi kuzuia kicheko, nani visigino vyake vimepasuka, nani hukimbia akiinamia upande wa kushoto. Alitufahamu kwa namna ambayo hakuna aliyewahi kutueleza kwa kusimama mbele ya watu.

Shuleni shati haliwezi kumsaidia mtu, maana wote wamevaa jeupe. Pengine ndiyo sababu nyingine kwa nini siku zile za kwanza huwa ngumu: mtoto anatazama mbele, anaona migongo 40 iliyo sawa. Anahitaji kitu cha kumlazimisha atazame uso.

Mchezo ninaoupenda kuliko yote kwa kazi hii ni rahisi, na gharama yake ni soksi moja kuukuu. Watoto wa kike wameushona mpira wa namna hii miaka mingi kwa ajili ya mchezo wa rede: soksi inajazwa, inafungwa, inashonwa mdomo. Zamani ilijazwa mifuko ya plastiki. Tangu mifuko hiyo ipigwe marufuku Tanzania Juni 2019, vitambaa vya fundi cherehani na vipande vya sponji vimechukua nafasi yake, na mpira umekuwa mwepesi zaidi, jambo ambalo kwa shughuli hii ni heri. Watoto kumi hadi kumi na wawili wanasimama duara. Sheria ni moja: huwezi kuurusha mpira kabla hujataja jina la unayemrushia. Kama hulijui, muulize. "We, unaitwa nani?" Anajibu, unalirudia, unarusha. Huyo aliyedaka naye anatafuta mwingine, na haruhusiwi kuurudisha kwa aliyemrushia.

Mzunguko wa kwanza ni wa kusuasua. Wavulana wanarushiana wenyewe kwa wenyewe, wasichana hivyo hivyo, na waliotoka shule moja ya msingi wanatajana kwa majina ya utani ambayo wengine hawayajui. Hapo mwalimu aongeze sharti kwamba kila mtu audake mpira mara moja tu, aliyekwisha kudaka aweke mikono nyuma. Ghafla kila mmoja anawatafuta kwa macho wale ambao bado. Mtoto mkimya aliyejibanza pembeni, ambaye katika utambulisho wa amri angesema jina lake kooni na kukaa, sasa anahitajika na duara zima, kwa kuwa bila yeye mzunguko haukamiliki. Halafu mwalimu anaingiza mpira wa pili. Majina mawili yanapishana hewani, watu wanacheka, mtu anataja jina la kaka yake wa nyumbani badala ya la mwenzake, na hakuna aliyebaki na nafasi ya kuona haya.

Naomba msomaji anivumilie niseme jambo dogo la kiufundi, maana humo ndimo ustadi ulipo. Jina linatangulia, mpira unafuata. Kwa mtoto mwenye uoni hafifu, na watoto wengi wenye ualbino wako hivyo, mpango huo ndio unaomwezesha kucheza. Akisikia jina lake anajua kitu kinakuja, anapandisha mikono. Mpira ukitangulia, utampiga kifuani na watu watacheka vingine. Duara hilo liwe chini ya mti, siyo uwanjani saa sita mchana, kwa sababu ngozi ya mwenye ualbino haistahimili jua. Na mtoto asiyesikia je? Duara likubaliane ishara kwa kila jina: mmoja anagusa sikio, mwingine anachora masharubu hewani. Nimeona watoto wanaosikia wakizipenda ishara kuliko majina, wakazitumia hadi kwenye foleni ya uji.

Watu waliowaza kwa kina juu ya michezo kama hii walianzia mahali ambapo lugha ilishindikana. Chicago, mwanzoni mwa karne ya 20, ilikuwa imejaa wahamiaji: Waitaliano, Wapolandi, Wagiriki, Wayahudi kutoka Urusi, na watoto wao waliingia madarasa ambayo jirani wa dawati hakuelewana na jirani. Hull House, nyumba ya huduma kwa jamii iliyofunguliwa mwaka 1889 na Jane Addams na Ellen Gates Starr, iliwapokea. Humo Neva Boyd aliendesha mafunzo ya walimu wa michezo, akishikilia kwamba mchezo wa watoto ni namna ya kujifunza kuishi na watu. Mwanafunzi wake mmoja, Viola Spolin, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1906, baadaye alipewa kazi ya kusimamia maigizo katika mradi wa serikali wa burudani kwa wananchi. Watoto na watu wazima waliomjia walikuwa na lugha tofauti na haya nyingi. Alitunga michezo isiyohitaji mtu ajieleze: vuteni kamba ambayo haipo, tupianeni mpira ambao haupo, hakikisheni wote mnauona mpira uleule. Mwaka 1963 aliikusanya katika kitabu, Improvisation for the Theater, na waigizaji wa Marekani wakakifanya msingi wa sanaa yao ya kuigiza papo kwa papo. Wengi wanakijua kwa sababu ya jukwaa. Mimi nakithamini kwa ajili ya wale watoto ambao hawakuwa na lugha moja ila walikuwa na mpira mmoja, ingawa haupo.

Hali hiyo haiko mbali nasi. Kidato cha kwanza kinapoanza, mtoto aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili anaingia darasa la Kiingereza. Shule nyingi hutoa kwanza kozi fupi ya lugha ili kumvusha, na ni jambo jema. Tatizo ni pale utambulisho wa siku ya kwanza unapogeuzwa zoezi la Kiingereza. Mtoto aliyekuwa msimuliaji hodari darasa la saba, aliyekuwa akichekesha dawati zima, anasimama na maneno matano aliyokaririshwa na dada yake, na wenzake wanamfahamu kwa mara ya kwanza kama mtu asiyeweza kusema. Picha hiyo haifutiki upesi. Kiingereza atakijua, miaka minne iko mbele yake. Siku ya kwanza aachiwe lugha anayochekea.

Kuna michezo ya kufahamiana inayoumiza, na ningependa tuiseme waziwazi. Ni ile inayomtaka mtoto atoe habari za nyumbani. Baba yako anafanya kazi gani? Likizo ulikwenda wapi? Nyumbani mnapenda kula nini? Maswali haya yanaonekana mepesi kwa mtu mwenye majibu. Lakini ndani ya darasa hilo yupo aliyezika mama yake Oktoba. Yupo anayelelewa na bibi, na baba hamjui. Yupo ambaye likizo aliimaliza akiuza karanga stendi, na chakula cha nyumbani ni kile kilichopatikana. Huyo ana njia mbili: aseme kweli mbele ya watu asiowajua, au atunge uongo siku ya kwanza na kuulinda mwaka mzima. Zote mbili zinamtenga. Mwalimu aliyeuliza hakuwa na nia mbaya hata kidogo, na ndiyo sababu jambo lenyewe linaendelea kila mwaka.

Kwangu mimi mchezo mzuri wa siku za mwanzo hauulizi mtu ametoka wapi. Unampa kitu cha kufanya sasa hivi na watu walio mbele yake. Simameni mstari kwa kufuata herufi za majina yenu bila kutoa sauti. Tafuta mtu ambaye kiganja chake kinalingana na chako. Nyama nyama, ule mchezo wa kuruka pale anapotajwa mnyama anayeliwa na kutulia anapotajwa asiyeliwa, hauhitaji hata jina, lakini baada ya dakika tano kila mtu amemjua anayeruka ovyo na anayesita. Huko ndiko kufahamiana kwa kwanza, na kunatosha. Habari za mama na baba zitakuja zenyewe, njiani kurudi nyumbani, zikiambiwa mtu mmoja.

Ushindani nao una hatari yake. Majira ya joto ya mwaka 1954, mtaalamu wa saikolojia Muzafer Sherif na wenzake waliwapeleka wavulana 22 wa umri wa miaka kama 11 kwenye kambi ya Robbers Cave, Oklahoma, wakawagawa makundi mawili na kuwashindanisha kwa mpira na kuvuta kamba. Katika siku chache walikuwa wanatukanana, wanachomeana bendera, wanavamiana mabwenini. Kuwakutanisha tu kwa chakula na sinema hakukusaidia, walirushiana chakula. Kilichowaleta pamoja ni maji yaliyokatika kambini, wakatakiwa watafute wote kasoro iko wapi, na lori la chakula lililogoma kuwaka. Wavulana wakaleta kamba ileile waliyokuwa wakishindania, wakalifunga lori, wakalivuta pamoja.

Huwa nalikumbuka lori hilo kila ninapoona darasa jipya likigawanywa mikondo na kushindanishwa siku ya kwanza ili "wachangamke". Watachangamka kweli. Lakini watakuwa wamepata maadui kabla ya marafiki. Kuvuta kamba kuna siku yake, na mashindano ya michezo ya shule za msingi, UMITASHUMTA, yapo. Mtaalamu mwingine wa saikolojia, Elliot Aronson, alipoitwa mwaka 1971 kusaidia shule za Austin, Texas, ambako watoto weupe, weusi na wenye asili ya Meksiko walikuwa wamewekwa darasa moja kwa mara ya kwanza na wanagombana, alifanya jambo linalofanana na lile la lori: kila mtoto katika kundi alipewa sehemu moja tu ya somo, na sehemu nyingine ziko kwa wenzake. Mtoto waliyekuwa wakimdharau kwa Kiingereza chake cha kusitasita alikuwa na kipande ambacho bila hicho wote wangefeli. Wakaanza kumsikiliza, wakamsaidia atoe maneno.

Huku kwetu kuna hazina nyingine, utani. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali karne ya 19, na leo ni watani. Mmoja anaweza kumsimanga mwenzake hata msibani na watu wakacheka. Mchaga na Mpare, Mnyamwezi na Mzaramo, nao hivyo hivyo. Katika shule za bweni zinazopokea wanafunzi kutoka mikoa yote, nimeona utani ukifanya kwa dakika moja kazi ambayo hotuba ya mapokezi haikuifanya kwa saa nzima: mtu akisikia jina la ukoo, akashika kiuno, akadai deni la mababu. Aliyedaiwa akajibu kwamba deni lililipwa kwa ng'ombe kilema. Wawili hao sasa wana jambo lao.

Lakini utani ni wa wawili wanaojibizana. Palipo na mmoja anayesema na mwingine anayevumilia, hapo pameingia jambo jingine, na kila aliyewahi kuitwa njuka, yaani mgeni, bwenini analijua. Njuka, imba. Njuka, panda kitandani uhesabu waya za dirisha. Kenya wanamwita mono na mambo ni yaleyale. Wakubwa husema ni namna ya kumkaribisha mgeni, tena wengi wao wanaamini hivyo, kwa kuwa nao walikaribishwa hivyo. Kipimo changu ni kimoja: je, anayeuanzisha mchezo naye anacheza? Katika duara la mpira wa soksi kila mtu anaweza kusahau jina, mwalimu pia, na akisahau wanamcheka kama wanavyochekana. Njuka anachezeshwa na watu waliolala vitandani.

Ndiyo maana nashauri mwalimu aingie duarani. Avue saa, aweke chaki chini, adake mpira. Watoto watamwita kwa jina, "Mwalimu Neema," "Mwalimu Hamisi," na hakuna heshima itakayopungua. Sauti ya mwalimu ikitaja jina la mtoto kwa furaha siku ya pili ya shule ni kitu kikubwa kwa mtoto huyo, hasa ikiwa hadi hapo sauti ya mwalimu alikuwa ameisikia ikisema "kaa".

Najua nitaulizwa kuhusu idadi. Mwongozo wa shule za msingi ulitaka mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016 madarasa yenye watoto zaidi ya 100 yamekuwa jambo la kawaida katika sehemu nyingi. Duara la watoto 100 halichezeki. Maduara tisa yanachezeka, yakiwa na mipira tisa ambayo watoto wenyewe wameishona jana yake, na kuishona pamoja ni mwanzo wa kufahamiana. Baada ya dakika kumi wawili wa kila duara wanahamia duara la jirani na kubeba majina ya walikotoka. Vumbi litatimka. Mwalimu wa darasa la upande wa pili wa dirisha atalalamika. Kipindi kimoja kitakwenda na silabasi itasubiri, na kwa maoni yangu hakuna kipindi kingine cha Januari kitakachotumika vizuri zaidi.

Bado yupo mtoto ambaye wiki hiyo haimkuti. Wazazi wake wanatafuta pesa ya sare, godoro, ndoo, reki na ufagio vilivyoandikwa kwenye fomu ya kujiunga. Anaripoti Februari, wengine Machi. Akifika, madawati yameshapata wenyewe, na urafiki pia. Shule nyingi humsimamisha mbele: huyu ni mwenzenu, mkaribisheni. Darasa linapiga makofi, naye anatafuta pa kukaa. Yeye kuliko wote ndiye anayehitaji duara lichezwe tena, hata kama wengine 90 wameshajuana. Mwalimu asimsimamishe. Ijumaa kabla ya mapumziko, mipira itolewe, mgeni awekwe kati ya wawili wenye sauti kubwa, na mchezo uanzie mbali naye ili asikie majina saba au manane yakitajwa kabla mpira haujamfikia. Ukimfikia mikononi na jina limempotea, sheria ipo: aulize. Jumatatu akiripoti mwingine, duara linachezwa tena, na huyo mgeni wa Ijumaa ndiye atakayeulizwa.